Nyuzi Zilizo Chini ya Ngozi ya Paja

Fundi wa magodoro ya sufi hamalizi kazi kwa kujaza tu. Akishajaza sufi na kushona mdomo wa mfuko, huchukua sindano ndefu, akapitisha uzi kutoka juu mpaka chini, akaukaza na kupiga fundo. Penye fundo kitambaa hubonyea. Kati ya fundo na fundo sufi hufura. Ukiongeza sufi, vibonyeo vinaonekana zaidi. Ukiipunguza vinafifia, lakini uzi ungali pale pale.

Ngozi ya mapaja na makalio ya mwanamke imeshikizwa kwa namna hiyo. Chini yake kuna tabaka la mafuta, na katikati ya mafuta hayo mnapita nyuzi za kolajeni zinazoifunga ngozi kwenye utando ulio juu ya misuli. Uzi unapovuta, ngozi huingia ndani. Mafuta yanaposukuma, ngozi huinuka. Hali hiyo ya mabonde na vilima ndiyo selulaiti. Saluni na maduka ya vipodozi huuza dawa za kila aina za kuiondoa, na mwenye nayo husikia lawama za kila aina: anakula ovyo, hafanyi mazoezi, hanywi maji, ana sumu mwilini. Utafiti wa miaka inayokaribia 50 umechunguza lawama hizo moja baada ya nyingine, na nyingi zimeanguka.

Kwanza ni wingi wa walio nayo. Wataalamu wa ngozi hukadiria kwamba katika kila wanawake 100 waliovuka balehe, 80 hadi 90 wana selulaiti ya kiasi fulani. Wanene wamo, wembamba wamo, na wakimbiaji wamo pia. Wanaume ni wachache mno. Kama uvivu ungekuwa chanzo, wanaume wavivu nao wangekuwa nayo.

Kutoka kamusi hadi saluni

Jina la selulaiti lilionekana katika kamusi ya tiba ya Kifaransa mwaka 1873, likiwa na maana ya uvimbe wa tishu zilizo chini ya ngozi. Halikuhusu urembo. Katika miaka ya 1930 magazeti ya wanawake ya Ufaransa yalilichukua na kulibandika kwenye mapaja. Mwaka 1968 jarida la Vogue lililivusha hadi Marekani, na mwaka 1973 Nicole Ronsard, mtaalamu wa urembo wa New York, alitoa kitabu kilichowaeleza wanawake kwamba hayo ni mafuta ya aina ya pekee, yenye takataka zilizonasa ndani yake, yasiyoondoka kwa kupunguza uzito tu. Hoja ya “sumu” inayosikika madukani leo ina mizizi katika mafundisho ya namna hiyo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, watafiti wawili wa Kijerumani, Nürnberger na Müller, walichapisha makala ambayo kichwa chake kilikata maneno: kinachoitwa selulaiti ni ugonjwa wa kubuniwa. Walikuwa wamechukua vipande vya ngozi pamoja na mafuta ya chini yake kutoka mapaja na makalio, vya wanawake na vya wanaume, vya maiti na vya watu hai, wakavitazama kwa hadubini.

Kwa wanawake waliona vyumba vya mafuta vikubwa vilivyosimama wima, vimetenganishwa na kuta za nyuzi zinazopanda moja kwa moja hadi kwenye ngozi. Kwa wanaume vyumba vilikuwa vidogo, na nyuzi zilikatana kimshazari huku na huku. Ngozi yenyewe ya mwanamume ilikuwa nene zaidi. Mafuta ya mwanamke yakiongezeka hayana njia ila kupanda juu na kuisukuma ngozi. Ya mwanamume yanabanwa na nyuzi zinazopishana. Kukawa na jambo jingine lililotia muhuri hoja yao: wanaume wenye upungufu wa homoni za kiume walikuwa na mpangilio unaofanana na wa wanawake. Mshonaji mkuu, basi, ni homoni. Ndiyo maana selulaiti hujitokeza baada ya kubalehe, na huweza kuongezeka wakati wa ujauzito.

Madaktari wale waliacha pia kipimo rahisi ambacho bado kinatumika. Ngozi ikiwa laini mtu akisimama na akilala, na vibonyeo vinatokea tu inapobanwa kwa vidole, hiyo ni daraja la kwanza. Vikionekana vyenyewe mtu akisimama lakini vikapotea akilala, ni la pili. Vikionekana akisimama na akilala, ni la tatu. Mwenye daraja la pili akijitazama kwenye kioo asubuhi na akajitazama tena amelala kitandani atadhani anaona miguu ya watu wawili. Kilichobadilika ni uzito wa mafuta unavyovuta kuelekea chini.

Mafuta ni yale yale

Lilibaki swali la takataka. Je, mafuta ya mahali penye vibonyeo yana kasoro yoyote? Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walilitafutia jibu. Waliowapima walikuwa 7 tu, lakini vipimo vilikuwa vya kina: umbo la tishu, mtiririko wa damu, na namna seli za mafuta zinavyoyeyusha na kuhifadhi mafuta. Walilinganisha sehemu zenye selulaiti na zisizo nayo. Kikemia hawakuona tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye mpaka kati ya mafuta na ngozi, ambako kwa wanawake mafuta yalijipenyeza kuingia kwenye tabaka la ndani la ngozi kwa mkato usio sawa.

Kipimo cha MRI kilipoanza kuonyesha tishu za mtu aliye hai, picha ya mwaka 1978 ikarekebishwa kidogo. Mwaka 2002 watafiti wa maabara ya L'Oréal nchini Ufaransa walionyesha kwamba nyuzi za mwanamke hazisimami wima zote. Kuna za kulala na za kwenda mshazari. Hata hivyo, wanawake wenye selulaiti walikuwa na sehemu kubwa zaidi ya nyuzi zilizosimama. Nchini Brazil, daktari wa ngozi Doris Hexsel na wenzake walipiga picha chini ya vibonyeo vyenyewe, na karibu kila kibonyeo walikikuta na uzi mnene ukikivuta. Mwaka 2019 uchunguzi wa miili iliyotolewa kwa ajili ya sayansi uliongeza jambo jingine: kwa wanaume nyuzi zinazoishika ngozi ni nyingi zaidi, kwa hiyo mzigo unagawanyika. Kwa wanawake nyuzi ni chache, na kila mmoja unabeba mvutano mkubwa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka kwenye kisu. Kama uzi ndio chanzo, ukikatwa kibonyeo kinapaswa kuinuka, na ndivyo inavyokuwa. Madaktari wa Brazil walianza kukata nyuzi hizo kwa sindano yenye makali miaka ya 1990. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha kukatia nyuzi kiitwacho Cellfina, na wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 3 walionekana bado na nafuu. Mwezi Julai 2020 ikaidhinisha Qwo, sindano ya kimeng'enya kinachotokana na bakteria na kinachoyeyusha kolajeni ya nyuzi. Iliuzwa kwa muda mfupi. Desemba 2022 kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kuiacha, kwa sababu ya kuvilia damu na madoa yaliyokaa muda mrefu kwenye ngozi. Hilo ni la kuzingatiwa na wenye ngozi nyeusi, maana ngozi yetu huacha weusi kwa urahisi kila inapojeruhiwa. Anayeshawishiwa kuchomwa sindano ya mapaja kwenye chumba cha urembo aulize ni dawa gani, nani ameisajili, na anayechoma ni daktari au la.

Kwa nini mama na binti hufanana

Mpangilio wa nyuzi na unene wa ngozi hurithiwa kwa kiasi fulani. Mwaka 2010 watafiti wa Italia walilinganisha wanawake wembamba 200 wenye selulaiti na wembamba 200 wasio nayo. Wote uzito wao ulikuwa wa kawaida, kwa hiyo unene haukuweza kusingiziwa. Walikuta aina moja ya jeni ya ACE ikiongeza uwezekano wa kuwa na selulaiti, na aina moja ya jeni ya HIF1A ikiupunguza. Jeni hizo zinahusika na mambo kama mishipa ya damu na jinsi tishu zinavyokabili upungufu wa oksijeni. Ni kipande kimoja tu cha fumbo, lakini kinatosha kuonyesha kwamba dada wawili wanaokula chungu kimoja na kutembea njia moja wanaweza kuwa na mapaja tofauti, na asiwepo aliyekosea.

Umri nao una sehemu yake. Miaka ikisonga ngozi hupoteza kolajeni na kuwa nyembamba, hasa baada ya hedhi kukoma, na nyuzi hukakamaa. Vibonyeo vilivyokuwa vimefichika vinajitokeza, hata kama mizani haijasogea.

Tabia zinazofika na zisizofika

Kwa mpangilio huo, kila tabia inaweza kupimwa kwa swali moja: inagusa nini? Kuna mafuta, kuna ngozi, kuna misuli, na kuna uzi. Tabia za kila siku zinafika kwenye vitatu vya kwanza, kila kimoja kwa kiasi chake. Uzi haziufikii.

Tuanze na uzito. Mwaka 2006 utafiti wa Marekani uliwafuatilia wanawake 29 waliokuwa wakipunguza uzito chini ya uangalizi wa kitabibu. Wengi wao selulaiti ilipungua, lakini baadhi iliwazidi. Waliopata nafuu ni wale ambao mafuta ya paja yalipungua hasa. Waliozidiwa, ngozi ililegea bila mafuta ya paja kupungua vya kutosha. Kunenepa na kukonda mara kwa mara, kwa mlo wa kujinyima wiki mbili kabla ya harusi na kurudi palepale baada ya harusi, huiacha ngozi imelegea zaidi. Anayetaka kupunguza apunguze polepole, kwa ulaji anaoweza kuishi nao: dengu, maharage, mboga za majani, samaki, ugali wa kiasi, na soda na maandazi yakiwa ya siku moja moja.

Mazoezi yanagusa misuli. Kupanda ngazi, kuchuchumaa na kuinuka, kutembea kwa kasi mlimani hujaza misuli ya paja na makalio, na umbo la juu yake huonekana kukaza. Tafiti zinazopima athari hiyo kwenye selulaiti peke yake ni chache, kwa hiyo anayeahidi mapaja laini ndani ya siku 30 anauza ndoto. Mazoezi yana faida za hakika kwa sukari, moyo, mgongo na usingizi, na hizo zinatosha kumtoa mtu kitandani alfajiri.

Sigara inagusa ngozi. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na moshi huharakisha kuvunjika kwa kolajeni. Hakuna utafiti unaoonyesha kwamba kuacha sigara kunafuta vibonyeo vilivyopo, ila ngozi ya asiyevuta inachelewa kuzeeka.

Kuna tabia moja kwetu inayodhuru ngozi waziwazi, nayo ni mkorogo. Baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi ikipakwa kwa miezi huifanya ngozi iwe nyembamba na kuleta michirizi isiyofutika. Ngozi nyembamba haina uwezo wa kuficha kilicho chini yake, hivyo mtu anaweza kuwa anapaka mapaja ili yapendeze, kumbe anavifunua vibonyeo vile vile anavyotaka kuvisitiri. Vidonge vya kunenepesha makalio vinavyouzwa kichochoroni navyo ni hatari. Vikiwa na deksamethasoni hujaza uso na tumbo, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na ngozi huzidi kuwa dhaifu.

Vipodozi vya madukani je? Mwaka 1999 utafiti wa Uingereza ulijaribu krimu ya aminofilini, ndugu ya kafeini, pamoja na mashine maarufu ya kukanda ngozi. Wanawake 52 walifika mwisho wa wiki 12, na hakuna tiba iliyoleta nafuu ya maana. Krimu za retinoli zinaweza kuifanya ngozi iwe nene kidogo zikitumika kwa miezi kadhaa, lakini mjamzito hashauriwi kuzitumia. Mwaka 2015 wataalamu waliokusanya tafiti 67 za tiba mbalimbali waliona kwamba nyingi hazikufanywa kwa utaratibu wa kuaminika, na hakuna tiba waliyoweza kuisimamia bila shaka.

Kusugua kwa mabaki ya kahawa, kukanda, au kusingwa kwa singo kama bibi harusi wa Pwani kuna raha yake. Ngozi ya juu hung'aa, seli zilizokufa hutoka, na harufu ya asumini na karafuu hubaki mwilini. Kukanda husogeza maji ya tishu, hivyo kwa saa chache ngozi huonekana laini. Kesho hurudi ilivyokuwa. Asiyekuwa na haja ya kuita raha hiyo dawa atanufaika nayo zaidi.

Na maji ya kunywa? Mwili unayahitaji, lakini hayapiti kwenye paja yakafagia sumu. Kazi ya kuondoa takataka ni ya ini na figo, na kama tulivyoona, mafuta ya selulaiti hayana takataka za kuondolewa.

Mahali pa kupima

Mafuta ya mapaja yana kazi. Estrojeni huyaelekeza huko na kuyafanya yasitoke ovyo. Watafiti wa Sweden walionyesha miaka ya 1980 kwamba seli za mafuta ya paja, ambazo kwa kawaida ni bahili, huachia mafuta kwa urahisi zaidi mama anaponyonyesha. Ni akiba ya mtoto.

Kwa afya ya mama mwenyewe, akiba hiyo haina ubaya mkubwa. Utafiti wa INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2005 na kuhusisha zaidi ya watu 27,000 kutoka nchi 52, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba kiuno kipana kikilinganishwa na nyonga hubashiri mshtuko wa moyo vizuri kuliko uzito wa jumla. Nyonga pana ziliendana na hatari ndogo. Mafuta yanayotishia maisha ni yale yanayozunguka ini na utumbo, yanayojaza tumbo. Hayo hayana vibonyeo wala hayamtii mtu aibu. Wakati mwingine husifiwa kuwa dalili ya kushiba.

Basi futi ya fundi cherehani ina kazi bora kuliko kioo. Shirika la Afya Duniani linasema hatari kwa mwanamke huanza kuongezeka kiuno kikipita sentimita 80, na huwa kubwa zaidi kikipita 88. Kwa uwiano, kipimo cha kiuno kikigawanywa kwa cha nyonga kikafika 0.85 au zaidi, ni wakati wa kupima sukari na presha.

Vibonyeo vya kwenda navyo hospitali

Selulaiti haiumi, haiwashi, wala haina joto. Mguu ukiwa mwekundu au kuiva rangi, ukawa wa moto, ukauma na homa ikapanda, hayo ni maambukizi ya bakteria kwenye ngozi na yanahitaji antibiotiki mapema. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa baada ya kujifungua au safari ndefu, damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani. Miguu yote miwili ikinenepa kutoka nyonga hadi kifundoni, nyayo zikabaki za kawaida, ikawa inauma ikiguswa na kuvilia damu kwa jambo dogo, huenda ni lipidema, ambayo mlo pekee hauitibu. Mguu unaovimba kuanzia unyayo, kwa wakazi wa Pwani, daktari atafikiria matende pia.

La mwisho ni titi. Nalo lina nyuzi zinazoishika ngozi kwenye tishu za ndani. Saratani ikiota humo huweza kuzivuta nyuzi hizo, ngozi ikabonyea, au huziba njia za limfu, ngozi ikavimba na kujaa vishimo vidogo vidogo. Hapo uzi unavutwa na kitu ambacho hakikuwepo mwaka jana. Mwanamke aliyejua kila kibonyeo cha paja lake anastahili kujua sura ya matiti yake kwa makini hayo hayo, na asikubali kuambiwa ni mafuta tu. Kibonyeo cha paja hakina haraka. Kibonyeo kipya cha titi kipelekwe kwa daktari wiki hii.